Saa ambazo kreni hainyanyui kitu

Saiti ilikuwa imeshafungwa, mafundi wameondoka, giza linaingia. Nilikuwa napita chini ya kreni moja ya mnara, zile ndefu za majengo ya ghorofa, na upepo siku hiyo ulikuwa umechachamaa kweli kweli, wa kuinua vumbi na kugonganisha mabati. Nikainua macho nikaona ule mkono mrefu wa juu unazunguka. Polepole, wenyewe. Kibandani hamna mtu, taa imezimwa. Ukazunguka mpaka ukaelekea kule upepo unakokwenda, ukatulia, upepo ukageuka kidogo na mkono nao ukaanza kuufuata.

Tulikuwa watu kadhaa tumesimama tunaangalia. Mama mmoja akamshika mwanae mkono, "Hiyo imekatika breki, twende zetu." Mlinzi wa saiti, mzee wa makamo, akamjibu bila hata kuinuka kwenye kiti chake: "Mama yangu, ikizunguka hivyo usiwe na wasi. Siku upepo ukiwa hivi halafu ukaiona imeganda, hapo ndo ukimbie."

Mama hakuridhika. Aliondoka anageukageuka nyuma.

Mimi nilibaki na ile kauli, nikaenda nayo nyumbani, na wiki zimepita bado haijanitoka. Wengi wetu tukiulizwa kreni ni ya hatari saa ngapi tutasema pale inapokuwa imening'iniza tani kadhaa juu ya vichwa vya watu. Ikishusha mzigo tunapumua, ikizimwa jioni tunaisahau. Sasa huyu mzee anasema kuna jambo la usalama linaendelea pale juu usiku, hamna mtu, hamna mzigo, na hilo jambo likikosewa ndo kreni inalala chini.

Nikaanza kusoma. Ripoti za uchunguzi, kesi za mahakamani, klipu za ajali ambazo nyingine natamani nisingeziona.

Mkono unaofuata upepo

Kwanza hili la mlinzi, maana yuko sahihi kabisa.

Kreni ya mnara ina mkono mrefu mbele wa kubebea mizigo na mkono mfupi nyuma wenye matofali makubwa ya zege ya kusawazisha. Ikiwa haijabeba kitu ule uzito wa nyuma unashinda, kwa hiyo mnara muda wote unavutwa kidogo kwenda nyuma. Ukiiacha izunguke huru, upepo unausukuma ule mkono mrefu, ambao ndo wenye eneo kubwa zaidi, mpaka uelekee kule upepo unakokwenda. Hapo unapata faida mbili kwa mpigo: upepo unakuta eneo dogo tu la kusukuma, na msukumo wenyewe unakwenda mbele, yaani unapingana na ule uzito wa nyuma badala ya kuusaidia.

Funga breki ya kuzungukia na faida zote mbili zimekwenda. Upepo unaweza ukaja ubavuni ukakutana na urefu wote wa mkono, au ukaja kwa mbele ukashirikiana na zege la nyuma kuuvuta mnara upande mmoja.

Na upepo una tabia moja mbaya, nguvu yake haipandi sawa na kasi. Kasi ikiwa mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Kasi mara 3, nguvu mara 9. Ukiwa chini unasikia upepo umeongezeka kiasi, ila chuma kule juu kinasikia kitu kingine kabisa, na kule juu kwenyewe upepo ni mkali kuliko huku tulipo.

Ndo maana pia watengenezaji hawataki mtu aning'inize bango la kampuni kwenye mkono wa kreni bila hesabu kufanywa upya. Bango linaongeza eneo, likikaa pasipofaa mkono unashindwa kujielekeza. Nimeyaona mabango hayo mara nyingi na nilikuwa nayasoma tu kilichoandikwa.

Kwa hiyo opereta kabla hajashuka ngazi jioni ana kazi ya mwisho: kuondoa kila mzigo, kupandisha ndoano juu, kuweka kitoroli (kile kigari kinachotembeza ndoano kwenye mkono) pale mtengenezaji anapotaka kikae, kuachia breki ya kuzungukia. Ni dakika chache, mwisho wa shifti, mtu amechoka, na hakuna anayemwangalia.

Kila mtu anasema upepo

Chini ya kila klipu ya kreni kuanguka utakuta maelezo yaleyale. Upepo. Dhoruba. Kazi ya Mungu.

Silalamikii imani ya mtu. Ila kuna swali lilikuwa linanikera kila nikisoma hivyo: upepo uleule ulipita kwenye kreni zote za mji huo siku hiyo, mbona iliyoanguka ni hii?

Chukua Makka, Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya hija. Ile siku sote tunaikumbuka. Kreni kubwa ya kutembea kwa minyororo iliangukia Msikiti Mtukufu wakati wa dhoruba, wakafa watu zaidi ya 100 na mamia wakajeruhiwa. Upepo ulikuwepo, mkali, hilo halina ubishi. Lakini uchunguzi wa Saudi Arabia ulisema kitu ambacho hakikusambaa sana kama zile video: mkono wa kreni ulikuwa umeachwa umeinuliwa wakati haufanyi kazi, kinyume na maelekezo ya mtengenezaji.

Haikuwa inanyanyua kitu.

Hebu fikiria maana yake. Mashine yenye mkono mrefu namna ile, pembeni ya mahali penye watu wengi kuliko karibu popote duniani, na kilichotakiwa ni kuulaza au kuuweka kwenye hali ya usalama kabla dhoruba haijafika. Upepo ulikuja ukaikuta imesimama.

Swali moja tu

Hapo ndo nikabadilisha namna ya kusoma. Badala ya kuuliza "sababu ilikuwa nini" nikawa nauliza kwa kila ajali: saa ile inaanguka, kreni ilikuwa inafanya nini?

London, eneo la Canary Wharf, Mei 2000, wamekufa 3. Kreni ilikuwa inarefushwa ili iende juu zaidi na jengo. New York, Machi 2008, wamekufa 7, ilikuwa inarefushwa. New York tena, Februari 2016, Worth Street, amekufa mtu 1 aliyekuwa mtaani, kreni ilikuwa inashushwa mkono ili ulazwe kwa sababu ya upepo. Seattle, Aprili 2019, wamekufa 4, ilikuwa inafunguliwa iondolewe. Dallas, Juni 2019, Jumapili, kreni iliyokuwa imesimama bila kazi ikaangushwa na dhoruba ikaangukia jengo la makazi, akafa mtu 1 ndani ya nyumba za watu.

Makka, imesimama.

Sisemi kwamba kreni hazianguki zikiwa na mzigo, zinaanguka sana hasa hizi za magari, nitafika huko. Ila zile ajali kubwa ambazo dunia nzima ilizitazama, nyingi hamna mzigo kwenye ndoano. Na hilo lilinishtua, kwa sababu ulinzi wote tunaouona kwa macho, yule mtu wa kutoa ishara, ile king'ora, zile kamba za kuzuia watu wasipite, ni wa wakati wa kunyanyua.

Pini za Seattle

Hii nataka tukae nayo kidogo.

Mnara wa kreni ni vipande vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwenye kila kona vipande viwili vinakutana na kuna pini nene inapita kuvishikilia. Ukitaka kuibomoa kreni unaleta kreni nyingine ya gari, inashika kipande cha juu kabisa, ikishakikamata vizuri ndo unatoa pini za kipande kile tu, kinashushwa, unakwenda kinachofuata. Kipande kwa kipande. Ni kazi ya kuchosha maana pini zinakuwa zimekaza, unagonga kwa nyundo, muda unakwenda, na ile kreni ya msaada imekodiwa na barabara imefungwa kwa ruhusa ya saa chache.

Tarehe 27 Aprili 2019, Jumamosi, pini za vipande vingi zilikuwa zimeshatolewa kabla ya wakati. Mnara ukabaki umesimama kwa uzito wake tu. Bila upepo ungeweza kuendelea kusimama, na nadhani hapo ndo mtego ulipo, kwamba ukitoa pini na mnara ukabaki wima unaona hamna tatizo, unatoa nyingine, bado uko wima, unatoa nyingine. Ukaja upepo wa kama kilomita 70 kwa saa, mnara ukavunjikia kwenye maungio, ukaporomoka mpaka kwenye magari yaliyokuwa yanapita Mercer Street. Wawili waliokufa walikuwa mafundi kwenye kreni. Wawili walikuwa ndani ya magari, safari zao za kawaida.

Idara ya kazi ya jimbo la Washington, ambako Seattle ipo, ilitoza faini kampuni 3.

Kilichonisumbua ni kwamba pini kutolewa mapema haikuonekana ni kitu cha ajabu kwa waliokuwepo. Ni njia ya mkato ya kuokoa muda, na njia za mkato zinaaminika kwa sababu moja tu, jana zilifanya kazi. Jana hapakuwa na upepo.

Mikanda minne

New York, tarehe 15 Machi 2008, mtaa wa 51 mashariki. Kreni ya mnara inaporefushwa inafungwa kwenye jengo kwa kola kubwa za chuma, zinauzunguka mnara na kuushikilia usiyumbe. Wanaume walikuwa wanafunga kola mpya yenye uzito wa zaidi ya tani 5. Ilikuwa imening'inizwa kwa mikanda ya kitambaa cha polyester, mikanda minne, na mmoja ulikuwa umechakaa. Mikanda ile ilizungushwa kwenye nguzo za chuma za mnara, kwenye kingo kali, bila kuwekewa kitu laini katikati.

Ukishawahi kuona mkanda wa kunyanyulia unajua una nguvu ya ajabu ukivutwa moja kwa moja. Kwenye ukingo mkali ni hadithi nyingine. Uzi wa kwanza unakatika, mzigo unahamia kwa zilizobaki, zinakatika.

Kola ikateleza kushuka kwenye mnara, ikaigonga kola ya chini, nayo ikang'oka. Mnara ukakosa kitu cha kuushikilia kwa ubavu. Ukainamia ng'ambo ya barabara.

Kinga ya ukingo ule ingekuwa kipande cha kitu chochote kigumu kiasi cha kuziba makali, vinauzwa tayari kwa kazi hiyo. Na mkanda uliochakaa ulitakiwa uwe umekatwa na kutupwa, kukatwa kabisa, kwa sababu mkanda ukitupwa mzima kuna mtu atauokota siku wamepungukiwa.

Zile zinazoanguka na mzigo

Sasa tuwe wakweli, kreni za magari na za minyororo zinapinduka zikiwa kazini na sababu yake kubwa haieleweki kirahisi kwa mtu wa nje. Mtu akisikia kreni ya tani 50 anadhani inabeba tani 50. Inabeba tani 50 ikiwa mzigo uko karibu kabisa na mwili wake. Shika ndoo ya maji umeibana kifuani, halafu nyoosha mkono mbele na ndoo ileile. Maji hayajaongezeka.

Tani 10 zikiwa mita 5 kutoka katikati ya kreni zinavuta kwa tani-mita 50. Zipeleke mita 20, zinavuta kwa 200. Ndo maana kwenye kila kibanda kuna chati ya mizigo, na mstari wa mwisho kwenye chati hiyo kwa kreni kubwa unaweza kuwa tani 1 au 2 tu. Kreni za kisasa zina kifaa kinachopima mzigo na umbali, kinapiga kelele, kinakata mwendo. Kina pia namna ya kukizima, kwa ajili ya kazi maalumu. Ukisikia kwenye ripoti kwamba kilikuwa kimezimwa, usishangae.

Halafu ardhi. Miguu ya pembeni ya kreni inapeleka uzito mkubwa mno kwenye eneo dogo, na chini yake kunaweza kuwa na bomba, shimo lililofukiwa juzi, kifusi. Kreni haihitaji kuzama sana. Ikiinama nyuzi chache, mkono mrefu kule juu unasogea mita nzima na zaidi, umbali wa mzigo unaongezeka, chati uliyoisoma haikuhusu tena. Uholanzi, mji wa Alphen aan den Rijn, Agosti 2015, "ardhi" yenyewe ilikuwa maji: kreni 2 za magari juu ya majahazi zikinyanyua kipande cha daraja. Zote zikaangukia nyumba. Hakufa mtu, na ukiangalia ile video huelewi imewezekanaje.

Na upepo unarudi hapa kwa mlango mwingine. Milwaukee, Marekani, tarehe 14 Julai 1999, walikuwa wanajenga uwanja wa besiboli wenye paa la kufunguka. Kreni kubwa mno, waliiita Big Blue, ilikuwa imenyanyua kipande cha paa chenye zaidi ya tani 400. Upepo ulikuwa wa kawaida, haukuwa dhoruba ya kutangazwa redioni, kilomita 40 hivi kwa saa. Hesabu zilikuwa zimefanywa za upepo kwenye kreni. Upepo kwenye lile paa lenyewe, bapa, pana, haukuingizwa ipasavyo. Kuna mkaguzi wa usalama wa serikali alikuwa anarekodi video siku hiyo, akainasa kreni ikivunjika. Mafundi 3 waliokuwa kwenye kikapu cha kreni nyingine walikufa.

Mtu yeyote aliyewahi kushika bati siku ya upepo anajua bati ndo linalokuvuta. Lakini kwenye makaratasi mzigo ni namba ya uzito, tani kadhaa, na namba ya uzito haina upana.

Boliti zilizokatika kabla

Hii ndo iliyonikasirisha kuliko zote.

Battersea, London, Septemba 2006. Sehemu ya juu ya kreni ya mnara, ile inayozunguka, inashikwa kwenye mnara kwa duara la boliti. Boliti zikakatika, sehemu ya juu ikaanguka yote. Alikufa opereta, na alikufa mwanaume aliyekuwa mtaani.

Miezi 2 kabla ya hapo boliti kwenye kreni hiyohiyo zilikuwa zimeshakatika.

Zikabadilishwa. Zikawekwa mpya, kazi ikaendelea. Swali la kwa nini zimekatika halikufuatiliwa inavyotakiwa. Kampuni iliyomiliki kreni ilikuja kutozwa faini ya pauni 750,000 mwaka 2016, miaka 10 baadaye.

Boliti nene ya chuma haikatiki kwa kuzeeka tu ndani ya muda mfupi. Inakatika kwa sababu imelegea na inagongwagongwa kila mzunguko, au imebeba zaidi ya ilichopangiwa, au uzito wa nyuma hauko sawa. Chuma kinachovutwa na kuachiwa maelfu ya mara kinapata ufa mdogo, ufa unatembea kidogo kidogo, kwa nje huoni kitu. Boliti iliyokatika ni ushahidi. Ukiiangalia ule uso wa mkato, mtaalamu anaweza kukuonyesha wapi ufa ulianzia na sehemu gani ilikatika ghafla mwishoni. Kuitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu ni kutupa onyo lenyewe.

Na New York, miezi miwili na nusu tu baada ya ile ajali ya mikanda, tarehe 30 Mei 2008, kreni nyingine ilianguka mtaa wa 91 mashariki, wakafa 2. Weldi kwenye bearing kubwa ya kuzungukia ilikatika. Sehemu hiyo ilikuwa imeshapata ufa huko nyuma, ikapelekwa kutengenezwa, ikarudishwa kazini.

Tena ileile. Chuma kilishasema.

Nani anaamua

Muda mrefu kwenye kusoma huku nilikuwa navutwa na jibu la "uzembe". Opereta mzembe, riga (fundi wa kufunga mizigo na vipande vya kreni) mzembe. Ni jibu linaloridhisha, linampa mtu sura ya kukasirikia. Na uzembe upo, siukatai.

Ila nikiangalia kesi moja baada ya nyingine naona yule aliyeshika lever au nyundo mara nyingi ndo mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu wa maamuzi. Riga wa ile ajali ya Machi 2008 alishtakiwa, mahakama ikamwachia huru 2010. Nani alipanga muda wa kuibomoa ile kreni ya Seattle? Nani alisema boliti zibadilishwe haraka kazi iendelee? Kreni inakodiwa kwa siku, na siku ambayo imelazwa chini kwa sababu ya upepo kuna mtu anailipia bila kupata kitu. Opereta akisema leo haifai, macho ya saiti nzima yanamgeukia. Simu zinapigwa. Kesho anaweza akakuta kuna opereta mwingine.

Nilizungumza na opereta mmoja wa kreni ya mnara, mtu mwenye miaka mingi kule juu, nikamuuliza anaogopa nini zaidi. Nilitegemea aseme radi au mzigo mzito. Akasema, "Foromani mwenye haraka." Akaeleza kwamba kukataa mara ya kwanza ni rahisi, hata mara ya pili. Shida ni upepo ukiwa pale kwenye mpaka wiki nzima, kila siku ubishi, mtu unachoka, siku ya nne unasema haya tunyanyue.

Hapo bado nina mashaka, sijamaliza kufikiri. Kikomo cha upepo kinasaidia sana kwenye ubishi wa namna hiyo kwa sababu kinamtoa opereta kwenye lawama. Kreni nyingi za mnara zinatakiwa zisimame upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, na mzigo mpana unashusha kikomo hicho chini zaidi. Baada ya ajali ya Worth Street jiji la New York liliamuru kreni za minyororo zisimame na kuwekwa kwenye hali ya usalama upepo ukitabiriwa kuzidi kilomita 32 tu kwa saa, wakati kabla ilikuwa 48. Ni namba, kipimo kinasoma, mazungumzo yameisha. Lakini ileile kreni ya Worth Street ilianguka ikiwa inatii, ikiwa inashushwa, asubuhi, upepo na theluji vimeshafika. Mkono wa mita zaidi ya 170 ulitakiwa uwe umelazwa tangu jana yake usiku. Kikomo kinachosubiri upepo ufike kimechelewa. Utabiri wa hali ya hewa unakuja mapema, maamuzi yaanzie hapo.

Ninachotaka kukiona

Siku ya kuunganisha kreni na siku ya kuifungua zihesabiwe ni kazi za hatari kuliko siku zote, na zipangwe hivyo: mpangilio ulioandikwa wa pini gani inatoka lini, mtu mmoja mwenye jina lake ambaye kazi yake ni kuhesabu pini tu na hana nyundo mkononi, maelekezo ya mtengenezaji yako pale saiti na sio kwenye droo ofisini. Mwaka 2024 jimbo la Washington lilipitisha sheria inayotaka kibali maalumu kwa kuunganisha, kuendesha na kufungua kreni za mnara. Imechukua miaka 5 tangu Seattle, na kati ya walioipigania ni familia ya mmoja wa waliokufa.

Barabara ya chini ifungwe. Yote, mpaka pale ncha ya kreni ingefika ikianguka. Worth Street watu waliokuwa saiti walikuwa wanawazuia wapita njia wakati mkono unashushwa, na Meya alisema bila hilo vifo vingekuwa vingi zaidi. Seattle magari yalikuwa yanapita. Najua foleni inaudhi, najua wenye maduka watalalamika. Ni saa chache.

Kitu chochote kikikatika, kazi isimame mpaka ijulikane kwa nini kimekatika. Sio mpaka kipatikane kingine. Boliti iwekwe kwenye mfuko, iandikwe tarehe na ilikotoka, ipelekwe kwa mtu anayejua kusoma chuma. Uingereza vifaa vya kunyanyulia kama mikanda na minyororo vinatakiwa kukaguliwa kwa kina kila miezi 6, na kreni yenyewe kila miezi 12 au mapema zaidi, na mkaguzi asiwe yule anayebanwa na ratiba ya saiti. Ukaguzi huo una maana kama kinachotokea kati ya ukaguzi na ukaguzi nacho kinaandikwa.

Na kila jioni, kabla opereta hajashuka, msimamizi asaini kwamba kreni imeachwa kwenye hali yake ya usiku. Mistari mitano kwenye daftari. Ndoano, kitoroli, breki, mzigo, utabiri wa upepo wa usiku huu.

Kisha mkataba wa kukodi. Hapa ndo ningeanzia kama ningekuwa na mamlaka, kabla hata ya mafunzo na mabango ya usalama. Uandikwe wazi kwamba siku ambayo kreni imesimamishwa kwa sababu ya upepo opereta na mafundi wake wanalipwa kamili, gharama ya kreni inagawanywa kati ya mwenye mradi na mkandarasi kwa kiwango walichokubaliana kabla kazi haijaanza, na ratiba ya mradi inasogea siku hiyo bila faini ya kuchelewa. Idadi ya siku hizo ikadiriwe mapema kutokana na hali ya hewa ya mahali penyewe na iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na siku nzima za kuunganisha na kufungua.